Cherehani Iliyopakwa Mafuta ya Mbarika

Katika nchi ya Mpemba, karibu na Tunduma, nilikooa, mkwe mume haingii jikoni kwa mama wa mkewe. Hamtazami usoni, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia majanini mpaka mwenzake apite. Mimi nilizaliwa milimani, Ikinga, ambako adabu ya ukwe humwelemea zaidi mkaza mwana mbele ya baba wa mumewe. Kwa hiyo nilipohamishiwa kufundisha shule ya misheni huko bondeni, kisha nikaoa huko huko, ilinibidi nijifunze upya mahali pa kuweka macho yangu. Hata hivyo sheria hiyo ina mwanya mmoja. Mkwe yule yule asiyeruhusiwa kuvuka kizingiti cha jiko ndiye anayetarajiwa kupanda juu ya jiko hilo na kuliezeka.

Ndivyo nilivyoiona cherehani: kutoka juu, mchana kweupe, baada ya kung'oa nyasi kuukuu na kuziacha fito wazi. Chini yangu palikuwa na dari ya miti, iliyojaa vibuyu vya mbegu na vikapu vya maharagwe, na katikati ya vibuyu hivyo palikuwa na sanduku la mbao lenye mgongo wa duara, jeusi kwa moshi.

"Kuna sanduku huku," nilimwambia mke wangu, aliyekuwa akinirushia matita ya nyasi mpya.

"Kuna nyasi huku," akajibu. "Shika hili."

"La nani?"

"La marehemu baba. Ni cherehani yake. Ilikufa naye."

Kutoka nyuma ya ua wa matete, mahali ambapo mama mkwe wangu alikaa kila nilipokuwa nyumbani kwake, sauti ikaja bila mwenyewe kuonekana: "Mwambie mwalimu nyasi hazingoji. Mawingu yale anayaona kuliko sisi, maana yuko karibu nayo."

Niliendelea kuezeka. Lakini sikuacha kuitazama kila nilipoinama kufunga kamba. Burudani yangu, siku ambazo shule ilifungwa, ilikuwa kufungua vitu vilivyonyamaza na kuvifunga vikiwa vinasema: saa za mezani, kufuli, taa za karabai. Nilikuwa na bisibisi niliyoichonga kutokana na ubavu wa mwavuli, na subira ambayo mke wangu aliiita uvivu uliosoma. Cherehani sikuwa nimewahi kuifungua.

Ni lazima nieleze kwa nini kuezeka kwenyewe kulikuwa na ubishi ndani yake. Baba mkwe wangu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amerudi na mashine hiyo kutoka migodini Rhodesia ya Kaskazini, kabla ya vita vya pili, akaketi nayo barazani pa duka huko Tunduma, ambayo wakati huo ilikuwa kituo cha forodha na maduka machache kando ya barabara. Alipofariki, mjane wake alibaki Mpemba na shamba la ulezi. Mdogo wa marehemu, ambaye naye alikuwa migodini miaka hiyo yote, sasa alikuwa amerejea kwake ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, na alikuwa ametuma ujumbe: ulezi ukishapurwa, atakuja kumchukua shemeji yake akakae katika boma lake. Hakuwa mtu mbaya. Kwa desturi yao, kumwacha mjane wa kaka yako peke yake, bila mtoto wa kiume, ni aibu inayokufuata hadi kaburini. Alikuwa ameongeza katika ujumbe wake kwamba hakuna haja ya kuezeka upya nyumba inayohamwa.

Mama mkwe aliupokea ujumbe huo kwa heshima zote. Kisha akamtuma mke wangu aniambie niende kukata nyasi.

Hakutaka kuhama. Kaburi la mumewe lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mipera aliyoipanda mama mkwe mwenyewe, na shamba alilijua kama mtu anavyojua kinywa chake. Lakini mjane hawezi kusema "sitaki" mbele ya shemeji yake na maneno yakaishia hapo. Ataulizwa: utavikwa na nani? Utalishwa na nani? Na jibu linapaswa kuonekana kwa macho.

Siku iliyofuata baada ya kumaliza paa, mke wangu alitoka jikoni akiwa amelikumbatia sanduku lile, akaliweka barazani mbele yangu. "Mama amesema, kama mwalimu anapenda maiti, maiti hii hapa. Lakini isitoke nyumbani."

Kwa hiyo nilifanya kazi pale pale barazani, mama mkwe akiwa upande wa pili wa ua wa matete na ungo wake wa maharagwe. Nilipoinua kifuniko, harufu ilinijia kabla ya sura. Mashine yote, kuanzia gurudumu hadi mguu unaokandamiza nguo, ilikuwa imevikwa ngozi ya rangi ya kahawia iliyokoza, laini juu, ngumu chini, yenye masizi na makapi ya ulezi yaliyonasa ndani yake kama wadudu katika utomvu. Nilijaribu mpini wa mkono kwa kidole kimoja tu, kwa kanuni niliyojiwekea kwamba kitu kilichokwama hakilazimishwi siku ya kwanza. Haukutikisika.

"Muulize mama ilipakwa mafuta gani," nilimwambia mke wangu.

"Mbarika," sauti ikajibu kabla ya swali kufikishwa. "Mwambie ni safi. Niliyakamua mwenyewe."

"Mara moja?"

"Mwambie kila mavuno. Napanda, naipaka, nashuka. Mpini sikuugusa. Mpini ulikuwa wa mkono wake."

Nilielewa. Katika nyumba ile mafuta ya mbarika yalikuwa yakipakwa ngozi za kulalia, mipini ya majembe, miili ya watoto wachanga. Kilichopendwa kilipakwa mbarika. Kwenye chuma chenye viungo vyembamba, kisichozungushwa, juu ya moto wa jikoni, mafuta hayo hayo huganda mwaka hadi mwaka na kuwa gundi. Nikawa natafuta maneno ya kulieleza jambo hilo kwa staha inayostahili, lakini mke wangu, aliyekuwa amechoka kuwa daraja, hakungoja.

"Mama, anasema umeigandisha mwenyewe."

Ungo ukawekwa chini. Kisha: "Mwambie mwalimu nyundo ya marehemu nayo niliipaka mbarika, na haikuganda."

"Mama, nyundo haina magoti."

Nyuma ya matete nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia tangu nioe: mama mkwe wangu akicheka, kwa pua, kama mtu anayejizuia kanisani.

Kazi ilichukua sehemu kubwa ya likizo. Kila asubuhi nilichovya unyoya wa kuku katika mafuta ya taa na kuyatonesha kwenye kila tundu na kila kiungo, kisha nikaiweka mashine juani juu ya mkeka mpaka chuma kikawa cha moto, ili gundi ile ilegee kutoka ndani. Jioni nilifuta kilicholegea. Kila skrubu niliyoitoa niliipanga juu ya ungo kwa utaratibu ule ule iliotokea, na nikawafukuza kuku kwa jiwe. Chini ya ngozi ya kahawia palianza kutokea weusi mwingine, weusi wa kung'aa, na juu ya weusi huo maua ya dhahabu, membamba, yaliyopindana na majani yake. Mafuta ya mbarika yaliyokuwa yameua viungo yalikuwa yameyahifadhi maua. Sikuyasugua. Nilitumia kitambaa chenye unyevu, nikiishia pale dhahabu ilipoanza kulalamika.

Siku moja, karibu na adhuhuri, mpini ulisogea upana wa ukucha. Nilikaa nikautazama. Siku iliyofuata ukasogea upana wa kidole. Na kabla ya juma kwisha ukazunguka mzunguko mzima, kwa mlio mzito kama wa jiwe la kusagia, sindano ikapanda na kushuka. Mke wangu alipiga kigelegele. Siku hiyo chakula changu kutoka kwa mama mkwe kilikuja na kuku.

Tulikuwa tumefika nusu ya njia tu. Nilikwenda Tunduma kutafuta sindano mpya, uzi, na mafuta mepesi ya mashine, nikarudi na kuanza kushona juu ya kipande cha kitambaa cha marekani. Haikushona. Sindano ilitoboa, nguo ikasogea, lakini uzi wa juu haukuukamata uzi wa chini. Nilipoinua kitambaa, uzi ulichomoka wote kama nywele kutoka kwenye siagi. Kitumbwi cha chuma, kile kidude chenye umbo la mtumbwi kinachobeba uzi wa chini, kilipita na kurudi bila kudaka kitu.

Niliuliza uzi ulivyopitishwa zamani. Jibu lilikuja kupitia kwa mke wangu, lenye uhakika kamili: uzi ulishuka kutoka juu, ukaingia tundu la sindano kutoka kulia kwenda kushoto. Nilifanya hivyo. Nikaifunga sindano ili mfereji wake mwembamba, ambao ndio hubeba uzi, uelekee kulia. Haikushona. Nikakaza skrubu ya kitumbwi, nikailegeza, nikabadili uzi. Nje, watu walikuwa wamekwisha kuanza kupura ulezi, na mlio wa fimbo zao ulisikika kutoka mashamba yote.

Alasiri moja mke wangu alikwenda mtoni na kutuacha peke yetu, mimi barazani, mama yake nyuma ya ua. Kwa adabu, hatukuweza kusemezana. Nikaendelea kuzungusha na kuchomoa uzi, kuzungusha na kuchomoa. Hatimaye nikasikia upande wa pili:

"Wewe kinu."

Kulikuwa na kinu cha kutwangia mlangoni mwa ua, nusu upande wake, nusu upande wangu.

"Wewe kinu, watu wanaona aibu kuuliza. Muulize mwenye mashine kama inakula au inatema."

Nilisafisha koo. "Kinu, mwambie mama inatema."

"Kinu, mwambie mwalimu, marehemu haikuwa ikimtema."

"Kinu, muulize mama ana hakika uzi ulitoka kulia."

"Kinu! Hivi mtu husahau? Miaka yote ile nilikuwa nautazama. Kulia, kwenda kushoto. Mwambie mwalimu hana masikio."

Kisha nikauliza, polepole, kama ninavyowauliza wanafunzi swali ambalo sina hakika nalo: "Kinu, muulize mama, alipokuwa akiutazama, alikuwa amekaa wapi?"

"Ningekaa wapi? Mbele yake. Yeye anazungusha, mimi nauvuta mshono ukitoka, usikunjamane. Mashuka ya watu wa forodha yalikuwa marefu."

Alikuwa amekaa mbele yake. Miaka yote alikuwa ameitazama mashine kutoka upande wa pili, uso kwa uso na mumewe. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwa mshonaji. Laiti angeweza kuja kuketi karibu nami na kunyoosha kidole, tungeligundua kosa siku ya kwanza. Niliigeuza sindano, mfereji ukaelekea kushoto, nikapitisha uzi kutoka kushoto kwenda kulia, nikazungusha. Mlio ulibadilika. Ulikuwa mwepesi, wenye mapigo. Nilipoinua kitambaa, mshono ulikuwa pale, umelala sawasawa, umeshika.

Nilikikata kile kipande cha marekani, nikakiweka juu ya kinu, nikarudi kuketi na kugeuza uso. Nikasikia hatua, kisha kitambaa kikivutwa kwa nguvu, mara ya pili, mara ya tatu, kwa mikono ya mtu anayetaka kichanike na hakichaniki.

"Kinu," akasema mwishowe, "mwambie ahsante."

Kuanzia hapo nilikaa mbali. Mama mkwe alikuwa mshonaji hodari wa mkono, alifundishwa misheni akiwa msichana, lakini mashine ilikuwa jambo jingine. Mkono wa kulia huzungusha huku wa kushoto ukiongoza, na kila mmoja hutaka kufanya kazi ya mwenzake. Mke wangu aliniletea habari. Mara mshono umekwenda kama njia ya nyoka. Mara mama ameshona kanga yake mwenyewe pamoja na nguo ya mtoto. Kisha ikafika siku habari zikakoma, na nilipopita nikaona vigauni vya watoto wa jirani vimeanikwa uani, pindo zake zimenyooka.

Ulezi ulipokwisha kupurwa, baba mdogo wa mke wangu alikuja, kwa baiskeli, amevaa koti zito la migodini ambalo hakulivua hata kwa jua lile. Alipokewa vizuri. Alikula, akawasifu waezekaji bila kuniangalia, kisha akakohoa.

"Shemeji, nimekuja kwa neno lile."

"Nalijua, shemeji."

"Nyumba iko tayari. Wake zangu wamekusiribia kuta. Hapa utakaa na nani? Utavaa nini nguo hizo zikichakaa? Watu watasema nimemtupa mke wa kaka yangu."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya ua, na mimi nilikuwa nje, karibu na kinu, nikitazama barabara. "Shemeji," akasema, "koti lako limefumuka kwapani."

"Koti?"

"Bitana inaning'inia. Ukiinua mkono kusalimia watu, watu wanaona. Watasema wake zako hawana sindano."

Mke wangu aliuma kanga yake asicheke. Baba mdogo alijitazama kwapa, akaona ni kweli. Alilivua koti lile kwa namna ya mtu anayekabidhi silaha, naye mama mkwe akaita cherehani iletwe.

Alianza vizuri. Mapigo yale mepesi yalijaa ua, na niliweza kumsikia baba mdogo akisogea karibu. Kisha mlio ukakatika. Uzi ulikuwa umekatika kwenye sehemu nene, palipokutana bitana na kitambaa cha juu. Nilijua kilichotakiwa: uzi upitishwe upya, kutoka juu, kupitia kila ndoano, hadi kwenye tundu, kutoka kushoto. Nilijua pia kwamba kichwani mwake kulikuwa na njia nyingine ya zamani zaidi, na kwamba mbele ya macho ya mtu aliyekuja kumchukua ingemrudia ile ya zamani. Sikuweza kwenda. Sikuweza hata kugeuka.

"Imekufa tena?" baba mdogo aliuliza, bila ubaya.

"Ngoja, shemeji."

Nilimsikia mama mkwe akisimama. Mke wangu ndiye aliyenisimulia baadaye nisichokiona. Mama yake aliizunguka mashine, akaketi upande wa pili, pale alipokuwa akiketi zamani, akaitazama kutoka huko. Alinyoosha kidole hewani na kuifuata njia ya uzi kama alivyomwona mumewe akiipitisha. Kisha akainuka, akarudi, akaketi mahali pa mumewe, akapitisha uzi.

Mapigo yakaanza tena.

Baba mdogo alilivaa koti, akainua mkono mmoja, akainua wa pili, akavuta bitana kwa kidole. Alitembea hadi nyuma ya nyumba kwenye kaburi la kaka yake, akasimama huko kitambo, akarudi.

"Kaka yangu alikuwa akishona kwa mlio ule ule," alisema. "Nilidhani nimeusahau." Alichukua baiskeli yake. "Shemeji, mwaka huu nitarudi peke yangu. Lakini nitakuja tena mavuno yajayo kutazama."

"Karibu sana. Njoo na suruali."

Alicheka mpaka baiskeli ikamponyoka. Alikuja kweli mavuno yaliyofuata, na aliyoyaleta yalikuwa mashati ya boma lake zima, kwenye gunia. Mama mkwe hakuhama Mpemba.

Kabla shule haijafunguliwa, mke wangu aliniletea shati jeupe lililokunjwa vizuri. Mama yake alikuwa amelishona bila kunipima, maana kunipima kusingewezekana, na alikataa kupewa shati langu la zamani alitumie kuwa kipimo. Alisema ameniona inavyotosha. Mabega yalinikaa barabara. Kola ilinikaa barabara. Mikono tu ndiyo iliyozidi, ikafunika vidole vyangu vyote. Nilifikiri juu ya hilo kwa muda kabla ya kuelewa: mara pekee aliyoweza kunitazama kwa uhuru ilikuwa siku ile niliyokuwa juu ya paa lake, nimempa mgongo, nimenyoosha mikono kupokea nyasi.

Sikulipunguza. Nilikunja mikono, nikaenda nalo shuleni.